Mlima Rungwe Ndani ya Dirisha Moja

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuchora mlima mmoja. Rungwe una kimo cha mita 2,960, na sisi tuliozaliwa Tukuyu tunauona pale tu mawingu yanaporuhusu. Ofisi iliyoniajiri Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na kompyuta moja yenye nguvu ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na juu ya meza zetu skrini zilizounganishwa nayo kwa kebo. Madirisha ya skrini hizo yaliendeshwa na mfumo wa X, ulioanzishwa 1984 huko MIT, Marekani, na Bob Scheifler na Jim Gettys. Toleo la 11, la mwaka 1987, ndilo lililoenea duniani. Uzuri wake ulikuwa huu: programu inapiga hesabu kwenye mashine moja, mchoro unatokea kwenye mashine nyingine.

Ramani tulichora kwa GRASS, programu huria iliyoanzia katika maabara ya uhandisi ya Jeshi la Marekani. Niliipenda, na ninaipenda hadi leo. Lakini Rungwe ilinibidi niuchore mara tatu.

Mara ya kwanza ni kwenye skrini. X ya wakati ule ilijua vitone tu, ikivihesabu kwa namba kamili kuanzia pembe ya juu kushoto kwenda chini. Picha ya setilaiti ya Landsat, ambayo kitone chake ni mita 30 za ardhi, ilikaa humo vizuri, mradi iwe imepigwa kiangazi. Shida ilianza nilipotandika kontua, yaani mistari ya kimo, juu yake. Kitone kilikuwa ama cha msitu ama cha mstari. Hapakuwa na rangi nyepesi ya kuacha cha chini kionekane.

Mara ya pili ni kwa ajili ya karatasi. Printa ilitaka PostScript, lugha ya kampuni ya Adobe, inayoanza kuhesabu pembe ya chini kushoto kwenda juu, kwa kipimo cha sehemu moja ya 72 ya inchi. Basi nikaandika upya unene wa mistari, rangi, na majina yote: Kiwira, Masoko, Katumba, Ngozi. Mara ya tatu ni umbo lenyewe la mlima, lenye kina na mwanga wa kutoka upande mmoja, kwa programu nyingine tena.

Wataalamu waliliona tatizo hilo mapema. Kampuni ya Sun ilikuwa na NeWS, kazi ya James Gosling na David Rosenthal, iliyopeleka programu za PostScript hadi kwenye skrini. Sun ikatengeneza seva moja inayosema NeWS na X kwa pamoja, kisha ikaiacha, ikachukua Display PostScript. Kwenye X ikaongezwa PEX kwa maumbo yenye kina, na XIE kwa picha. Naamini chanzo cha yote hayo kilikuwa kebo. Kupeleka vitone milioni moja mtandaoni ni mzigo. Kupeleka kanuni fupi ya kuvichora ni kazi nyepesi. Kila mtindo wa kuchora ulipunguza mzigo wa aina yake.

Ila kwa mitindo hiyo, kukaa dirisha moja hakukuwa kuungana. Ilikuwa kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na jiko lake. Amri za X na amri za PostScript zilipita njia mbili, na mwandishi wa programu asipozilazimisha kusubiriana, jina la kijiji linachorwa kwanza, halafu picha inakuja kulifunika. Na rangi zilikuwa 256 tu kwa skrini nzima. Picha ya setilaiti ikijichukulia zote, madirisha mengine yanageuka zambarau na kijani. Nakumbuka mwenzangu mgeni kazini akiniita, "Kaka, skrini imeungua!"

Ufumbuzi ulikuja 2000, Keith Packard alipoleta Render ndani ya X. Kila kitone kikapewa kipimo cha kiasi kinachofunika, kwa hesabu iliyokuwa imeandikwa na Thomas Porter na Tom Duff tangu 1984. Kisha yeye na Carl Worth wakaanzisha Cairo: amri ileile ya kuchora huenda kwenye skrini, PostScript au PDF. GRASS nayo ikajifunza kuchora kwa Cairo. Kwangu mimi Cairo ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizozitaja, ingawa wachache wanaijua.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Tukuyu, nikisaidia mipango ya matumizi ya ardhi vijijini. Nilitandika kivuli cha miinuko, juu yake Landsat, juu yake kontua, vyote vikionekana. Kwenye mkutano mmoja upande wa Isongole, mzee aliinuka akaweka kidole kwenye kivuli. "Mwanangu, chemchemi iko hapa. Mbona hujaiandika?"

Tuliiweka palepale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji, yaani upana wa vitone viwili vya Landsat. Nikazungushia rangi ya buluu hafifu, na mashamba yaliyoguswa yakabaki yanaonekana chini yake, viazi upande huu, migomba upande ule. Majadiliano yakaendelea hadi jioni juu ya shamba la nani limeingia na kwa kiasi gani, na karatasi niliyochapa kesho yake ilikuwa na mpaka uleule walioukubali kwenye skrini.