Daftari Chini ya Kaunta

Jumanne, 9 Januari 2018. Majengo, Mombasa

Tangu nifungue mlango mpaka adhuhuri wameingia watu kumi na mmoja wenye mwendo mmoja: hatua fupi, magoti hayakunjuki, mkono umeshika ukuta. Wote wana homa, na wote wanataka dawa ya malaria. Saba walikuja na karatasi ya maabara inayosema malaria hakuna, na bado wanaitaka.

Mwendo ule naujua. Niliuona Lamu mwaka 2004, nilipokuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Ulikuwa mwaka wa ukame. Maji yaliwekwa siku nyingi kwenye jabia na mitungi bila kubadilishwa. Baadaye watafiti walipopima damu za watu waliona kwamba robo tatu hivi ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa chikungunya. Shangazi yangu alishuka ngazi za nyumba kwa kukaa kitako majuma mawili. Homa ilimwachia siku ya tano. Vifundo vya mikono havikumwachia mpaka mwaka wa pili, na nyumbani walishachoka kumsikiliza.

Nimemwambia msaidizi wangu: homa ikiwa mbichi ni parasetamoli peke yake. Asimpe mtu diklofenaki, wala ibuprofeni, wala aspirini. Dengi nayo iko mjini, inaletwa na mbu yuleyule wa chikungunya, na siku za mwanzo huwezi kuzitenga mbili hizo kwa kumtazama mgonjwa usoni. Ikiwa ni dengi, dawa hizo zinaweza kumtoa damu. Vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku nzima, na maji mengi. Mteja mmoja akaniambia, "Daktari, Panadol hata mtoto anaijua. Mimi nimekuja kutafuta dawa." Akaenda zake. Nadhani alikwenda duka la pili, na nadhani huko alipewa alichotaka.

Ijumaa, 26 Januari

Amekuja Bi mkubwa wa mahamri wa mtaa wa nyuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta kama mtu anayeonyesha kitu cha kuuza. Viwiko sawa, ila vifundo na vidole vimevimba. Homa ilimwisha majuma mawili yaliyopita. Amekanda unga kila alfajiri miaka ishirini na sita; leo hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta.

Nikamwuliza kama ana vidonda vya tumbo. Hana. Nikampa diklofenaki za siku tano, ameze akishakula.

Tulizungumza habari ya maji. Kwake bomba hutoa mara moja kwa wiki, siku nyingine ananunua kwa mkokoteni. Mbu huyu anauma mchana na anapenda maji safi yaliyotulia, lakini kumwambia mtu amwage maji aliyoyanunua ni kumwambia amwage pesa. Nimemwambia afunike pipa kwa kitambaa akifunge kwa kamba, na siku pipa linapoishiwa alisugue kuta za ndani, maana mayai hushika pale.

Alhamisi, 1 Machi

Shirika la Afya Duniani limetoa taarifa juma hili. Kuanzia katikati ya Desemba hadi 3 Februari, Kaunti ya Mombasa imeripoti wagonjwa 453 wa chikungunya, na 32 kati yao wamethibitishwa maabara. Hesabu hiyo imewahesabu waliofika mahali pa kuhesabiwa. Wengi wa wanaokuja kwangu hawakufika.

Homa zimepungua. Watu hawajapungua. Wanarudi walewale, na kila anayerudi huanza kwa kuomba radhi, "Ni mimi tena," kana kwamba maumivu ni deni alilokataa kulipa.

Chuoni ugonjwa huu ulipewa mistari michache: homa, vipele, viungo, mgonjwa hupona. Mwongozo wa sasa unagawa: majuma matatu ya mwanzo, kisha mpaka mwezi wa tatu, yanayopita hapo yanaitwa sugu. Ugonjwa ulipotoka Lamu ulipita hapa Mombasa, ukaenda Komoro, ukafika Réunion, na huko zaidi ya theluthi ya kisiwa waliugua. Madaktari wa Réunion waliwafuata wagonjwa wao, wakakuta wengi bado wanalalamika viungo baada ya mwaka. Basi shangazi hakuwa akijidekeza.

Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Nimepiga mistari: siku homa ilipoanza, kiungo gani, ugumu wa asubuhi unachukua muda gani, dawa nyingine anazotumia. Nafasi ya mwisho nimeiacha kwa swali moja, umeshapita duka gani.

Jumatano, 14 Machi

Bi mkubwa wa mahamri amekuja miguu imevimba mpaka kwenye kifundo, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Nimempima presha: 172 kwa 104.

Nikamwomba amtume mjukuu alete dawa zote zilizoko nyumbani. Mtoto alileta mfuko wa nailoni. Losartani, ya presha. Haidroklorothiazaidi, kidonge cha mkojo. Na diklofenaki za aina tatu: zangu, na za maduka mawili mengine. Zangu zilipokwisha alikwenda kwingine, na kwingine walimpa, na zile zilipokwisha alirudi kwangu Februari siku ambayo sikuwapo, msaidizi akamwuzia tena kwa sababu aliona nilikwishampa.

Dawa hizo tatu zikikutana mwilini mwa mtu mzima, figo ndizo zinazobanwa: losartani inalegeza mshipa wa kutokea, diklofenaki inaziba ule wa kuingilia, na kidonge cha mkojo kinapunguza maji yenyewe. Hili nililifanyia mtihani na nikafaulu. Nimefungua ukurasa wa 26 Januari. Nimeandika kwamba nilimwuliza vidonda vya tumbo. Sikumwuliza presha, na ananunua losartani kwangu hapahapa kila mwezi.

Nimempakia kwenye tuktuk kwenda hospitali na barua yenye majina ya dawa zote, nikaandika pia ni nani aliyempa. Alinishika mkono akanipa pole. Yeye ndiye aliyenipa pole.

Ijumaa, 16 Machi

Figo zimeguswa lakini daktari anasema zitarudi. Diklofenaki zote zimesimamishwa. Nimelala kidogo.

Jumanne, 3 Aprili

Mzee mmoja Mmakonde kutoka Kwale, amekuja kwa bintiye aliye hapa Majengo. Baba yake alivuka kuja kufanya kazi ya mkonge, naye amezeekea Kenya bila karatasi. Kitambulisho alikipata mwaka jana tu. Anakiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na dawa.

Nikamtajia jina la ugonjwa. Akacheka, akaniambia hilo ni neno la kwao, na hakusubiri nimwulize maana: aliinama, akakunja mabega na magoti, akabaki hivyo mbele ya wateja. Ni kujikunja. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za juu za Wamakonde, Tanganyika ya kusini. Watafiti Robinson na Lumsden walichapisha habari zake 1955. Wameandika pia kwamba jina walilipata kwa wenyeji. Nimekaa nikifikiria kwamba wenyeji hawakuuita kwa homa, ambayo ni ya siku chache. Waliuita kwa kile kinachobaki.

Goti lake la kulia lina moto na limevimba. Hana presha, hana sukari, tumbo lake ni zima; nimeuliza yote, nimeandika yote. Nimempa mafuta ya diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, na nimemwonyesha namna ya kulinyoosha goti akiwa amekaa kitini, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, asilale nalo limekunjwa.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua. Msichana wa kazi za ndani ametumwa na tajiri yake nimwandikie kama kweli mtu anaweza kuumwa mikono miezi mitatu kwa ajili ya mbu. Nimeandika ndiyo, anaweza, kwa herufi kubwa, nikapiga muhuri wa duka. Nikaongeza kwamba asikamue nguo kwa sasa.

Jumanne, 22 Mei

Juma la kwanza la mfungo. Swali la kila saa: nameza lini?

Nimechora jedwali dogo nikalibandika kaunta. Parasetamoli vidonge viwili baada ya kufuturu, viwili saa nne na nusu usiku, viwili wakati wa daku. Sita, na nafasi kati yake inatosha. Aliyeandikiwa diklofenaki na daktari ameze katikati ya chakula, si kwa tende na maji ya kwanza wakati tumbo limekaa tupu mchana kutwa. Wenye kidonge cha mkojo wasikimeze daku, watashinda na kiu na kizunguzungu. Wazungumze na daktari wao kukisogeza. Na wapo ambao ningependa wasifunge kabisa. Hao siwaamrishi. Nawaambia ninachokijua kuhusu figo zao, kisha nawapeleka kwa imamu wa msikiti wetu, ambaye alikuja mwenyewe mwezi uliopita kuniuliza ni wagonjwa gani mfungo unawadhuru. Tulikaa naye saa nzima. Sikumbuki saa iliyotumika vizuri kuliko hiyo mwaka huu.

Jumanne, 26 Juni

Dereva wa tuktuk, kijana wa miaka thelathini. Januari hakuweza kubana usukani. Leo anauzungusha kwa kidole, ana furaha, uso umejaa na kung'aa kama wa mtoto mchanga. Uso ule ndio ulionishtua.

Kuna mahali anapata pakiti ya karatasi isiyo na jina, vidonge vitatu, anameza kila siku tangu Februari. Nimevitambua viwili: diklofenaki na deksamethasoni. Sukari yake kwenye kipimo changu ni 13.8, naye hajawahi kuwa na sukari.

Aliposikia alitaka kuitupa pakiti kwenye pipa la taka mbele yangu. Nikamshika mkono. Miezi minne ya steroidi huifanya tezi inayotengeneza homoni hiyo mwilini ilale. Ukikata ghafla mtu anaweza kuanguka, presha ikashuka, akafa kwa dawa aliyoiacha. Lazima ipunguzwe polepole chini ya daktari. Nimekwenda naye mwenyewe kliniki, nimefunga duka kwa muda wa saa mbili.

Nina hasira na anayefunga pakiti zile. Hasira yangu inaongezeka nikikumbuka kwamba kijana alikwenda huko baada ya mtu mwingine, huenda mimi, kumwambia hakuna dawa, vumilia.

Ijumaa, 13 Julai

Cheti cha daktari bingwa wa viungo: methotreksati ya miligramu 2.5, vidonge vinne mara moja kwa wiki, na asidi ya foliki. Ni ya mama wa watoto watatu, vifundo vimevimba tangu Januari, damu imepimwa, ini limepimwa. Dawa hii ikimezwa kila siku badala ya kila wiki inaua. Uboho unaacha kutengeneza damu.

Tulitafuta pamoja siku asiyoweza kuisahau. Akachagua Ijumaa. Nimempa vidonge vya majuma manne tu, nimeandika IJUMAA TU kwa kalamu nyekundu pande zote mbili za pakiti, nikamfanya anirudishie maneno yangu mara mbili, kisha nikamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu uzazi wa mpango, kwa sababu mimba haitakiwi. Nimeweka kengele kwenye simu yangu. Kila Ijumaa baada ya sala nitampigia.

Alhamisi, 30 Agosti

Daftari limefika ukurasa wa 161. Bi mkubwa wa mahamri amekuja kuchukua dawa mpya ya presha, hospitali ilimbadilishia. Presha 138 kwa 84. Vidole vya mkono wa kushoto vinafunga ngumi, vya kulia bado. Ugumu wa asubuhi umeshuka kutoka saa mbili hadi nusu saa.

Ameniletea mahamri manne kwenye karatasi. Unga ameukanda bintiye. Iliki, amesema, ameitwanga yeye.