Jengo la Wanafunzi Pale Alma

Panda metro ya mstari wa 1 kuelekea Stockel, ushuke Alma. Kituo kilifunguliwa mwaka 1982, na wengi wetu hukipita mbio kuwahi miadi katika hospitali ya Saint-Luc. Siku moja usikimbie. Tazama dari lilivyopinda na nguzo zilivyotanuka juu kama matawi, kisha toka nje ulitafute jengo liitwalo La Mémé. Jina ni kifupi cha "nyumba ya tiba" kwa Kifaransa, ingawa mémé pia ni bibi.

Sisemi ni zuri. Ukiliona mara ya kwanza utadhani mafundi walikimbia na hela: hapa tofali, pale mbao, juu bati na vioo, dirisha moja kubwa, jirani yake dogo.

Chanzo chake ni ugomvi wa lugha. Mwaka 1968 Waflemi na wasema Kifaransa waligawana Chuo Kikuu cha Louvain, na kitivo cha tiba cha Kifaransa kikaletwa huku Woluwe-Saint-Lambert, pembezoni mwa Brussels. Wanafunzi hawakuridhika na ramani ya kwanza. Hawakutaka kufungiwa kando ya hospitali, mbali na majirani wa kawaida. Wakadai msanifu majengo wao, Lucien Kroll, ambaye miaka hiyo ya 1960 alikuwa amejenga monasteri ya Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda.

Kroll hakuwaletea michoro iliyokamilika. Aliwakalisha wanafunzi pamoja na wasaidizi wake, wakakata vipande vya sifongo na kuvipanga na kuvipangua. Msaidizi akianza kuling'ang'ania pande lake kama shamba la urithi, Kroll alimhamishia pande jingine. Waashi nao waliachiwa nafasi ya kubuni. Mkewe, Simone, alishughulikia bustani na wakazi.

Usidhani ilikuwa vurugu tupu. Vipimo vyote vilifuata miraba ya sentimeta 10 na 20, ili sehemu ya huyu ikutane na ya yule. Nguzo ziliwekwa bila mistari iliyonyooka, na kuta nyingi za ndani ziliweza kuhamishwa. Wanafunzi waliopenda vyumba vya kawaida, vinavyofanana, nao walipewa upande wao. Hilo ndilo linalonishawishi zaidi: kusikilizana kunamhusu hata asiyependa mageuzi.

Aliyekulia Magomeni au Buguruni atalielewa jengo hili haraka. Kwetu chumba huongezwa kijana akioa, dirisha ni lile lililopatikana, na fundi ana neno lake. Tofauti ni kwamba kwetu mara nyingi ni mfuko unaoamua, lakini hapa watu walikaa wakachagua. Nami ninayeishi katika nyumba ya kupanga, ambayo mkataba wake unakataza hata msumari ukutani, naliona jambo hilo kuwa kubwa.

Haikudumu. Kazi iliyoanza mwaka 1970 ilifikia 1976 hivi, kisha chuo kikaachana na Kroll kabla mpango wake wote haujatimia. Alifariki mwaka 2022.

Mkienda na watoto, Jumapili panafaa, maana pametulia. Wangu walishindana kutafuta madirisha mawili pacha kwenye ukuta mmoja. Yule mdogo alidai ameyapata, mkubwa akakataa, wakabishana hadi metro ilipofika.