Fomu za Wenzangu

Karo ilipokwama nikiwa mwaka wa pili, nilitoka chuo nikarudi Bura. Siku hizi naandika makala za intaneti, malipo kwa neno, na katikati ya kazi hiyo najazia watu fomu: basari, KUCCPS, HELB, kitambulisho. Ndiyo, HELB. Binamu yangu hucheka mpaka ashike mbavu akiniona nikiwapeleka wengine chuoni. Mimi pia hucheka, kidogo.

Ya kitambulisho ndiyo nzito. Kwa miaka mingi, kijana wa huku akifika 18 hakuomba kadi tu kama mwenzake wa Nyeri. Alipigwa msasa kwanza: babu yako nani, ukoo gani, kadi ya baba iko wapi. Februari 2025, Rais Ruto alitia saini agizo la kuondoa msasa huo, akiwa Wajir. Sawa, tulifurahi. Lakini agizo halijazi fomu, wala halimsaidii mama ambaye mwanawe ni Mohamud kwenye kadi ya kliniki na Mohamed kwenye cheti cha shule.

Watu hupenda kunitajia Abdullahi Mire, aliyekulia ukimbizini Dadaab, akapewa Tuzo ya Nansen ya UNHCR mwaka 2023 kwa kufikisha vitabu 100,000 kambini. Kambi ya Hagadera iko papa hapa Fafi. Wanamtaja wakitaka eti na mimi nisajili shirika. Kinachonigusa mimi ni kwamba alianza baada ya msichana mmoja kumwomba kitabu cha bayolojia. Hakuombwa aokoe dunia. Aliombwa kitabu, akakitafuta.

Nikishinda siku nzima nikiandika maneno 2,000 kuhusu mazulia ya sebule za Ulaya, usiku najiuliza niko hapa kwa nini. Nikijaza fomu tatu, swali hilo haliji. Sijui kama huo ni wema. Pengine ni raha tu ya kuhitajika, na sioni aibu kuipenda. Bando nalipa mwenyewe, hilo ndilo huniuma.

Juzi adeer mmoja alikuja na mjukuu wake na mfuko wa karatasi zilizoliwa na mchwa. Tulikaa mpaka adhana ya laasiri. Ananiita mwalimu, nami nimechoka kumrekebisha. Aliniachia chupa ya maziwa ya ngamia, na leo asubuhi amemtuma jirani yake, naye na mfuko wake.