Aliyegonga saa tisa za usiku alikuwa maji

BUKAVU – Kwetu hapa, mtu akigonga usiku hatufungui. Tunazima taa, tunanyamaza, tunangoja aende. Kwa hiyo, ndugu msomaji, utaelewa hali yetu siku kitu kilipoanza kugonga ndani ya ukuta wa nyumba yetu ya Muhungu, karibu saa tisa za usiku. Ko-ko-ko, halafu kimya. Mama, ambaye amekimbia vita mara mbili, ndiye aliyeamka wa kwanza. Usiku wa tatu alilala na viatu miguuni.

Usiku wa nne nilibaki macho. Baada ya mgongo ule, robine ya uani ilianza kukohoa. Ilitema hewa, ikatema maji mekundu, kisha ikatiririka. Maji yalikuwa yamerudi.

Fundi wa kwanza, kijana, alitaka tuvunje ukuta na kubadilisha tiyo zote. Pesa hiyo hatukuwa nayo. Jirani akatuletea mzee mmoja wa kazi hiyo. Yeye hakufungua hata mfuko wa vyombo. Aliuliza tu: “Inagonga wakati gani, mama?”

Swali hilo ndilo nataka muwe nalo, kwa sababu sauti ya tiyo inajulikana kwa saa yake.

Ikigonga maji yanaporudi, ni hewa. Maji yakikatika, majirani wa chini ya mteremko wanamaliza yaliyobaki, na hewa inaingia mahali pake. Maji yakirudi, yanaisukuma hewa hiyo kwa nguvu, na tiyo isiyofungwa vizuri inatikisika na kupiga ukuta.

Ikigonga mara moja unapofunga robine haraka, ni maji yenyewe yanayojigonga. Yalikuwa yanakimbia, ukayasimamisha ghafla. Kwenye tiyo ya chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yanaweza kupiga kwa zaidi ya bar 10. Hapo maungio yanalegea na ukuta unaanza kulowa. Na mji wetu ni wa vilima: kila mita 10 za kimo kutoka kwenye tangi la juu zinaongeza karibu bar 1. Funga robine polepole, na uwafundishe watoto.

Ikipiga mluzi, mara nyingi ni ule mpira mdogo wa ndani ya robine uliokwisha. Ni kitu cha bei ndogo.

Wenye tangi la maji moto: tiyo inayolia tik-tik baada ya kuoga inasinyaa tu inapopoa. Lakini tangi likinguruma, au likitoa mvuke, zima umeme na umwite fundi.

Kwetu mzee alifanya mambo mawili. Alikuta tiyo imeshikwa na misumari miwili tu kwa urefu wa ukuta mzima. Akaongeza vibano vya chuma, na chini ya kila kimoja akaweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kisha akatuonyesha robine kubwa ya kuingilia, karibu na konteri: kabla ya kulala, tuifunge karibu yote, maji yakirudi yaingie taratibu. Na robine ya juu kabisa tuiache wazi kidogo, bidoni chini yake, hewa ipate njia ya kutokea. Kazi iliisha kabla ya saa sita mchana. Ukuta haukuvunjwa.

Sauti haikuisha kabisa. Imebaki kikohozi kidogo. Juzi nilikisikia, nikasikia na mlango wa chumba cha mama ukifunguka. Nikatoka mbio. Nilimkuta uani, miguu mitupu, anapanga bidoni.

“Lala wewe,” aliniambia. “Ni maji imefika.”