Kitale Kwanza, Roma Baadaye

Mulamwa mpendwa,

Kaka yako ana mafua lakini sahani inarudi jikoni tupu, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Ujumbe wako tumeupata: Milan, Venice, Florence, Roma na Naples, yote hayo katika wiki moja, kwa sababu mnatimiza miaka kumi na mitano ya ndoa. Nilipomsomea kaka yako aliuliza kama mmepanga kulala mahali popote au mtakuwa mkipungia watu mkono dirishani.

Umetaka kujua safari yetu ya mwaka jana ilikuwaje, tulipotimiza ishirini. Nakuandikia kwa kirefu, na umsomee mkeo pia, maana yeye Bungoma anayoijua ni ya matanga.

Na hilo ndilo lililotusukuma. Mimi nimeolewa kwenu miaka yote hii, lakini kila safari ya huko ina kazi yake. Ni mazishi, ni mahari ya binamu, ni Krismasi, ni kupeleka mbolea kabla mvua haijaanza. Tunaingia na orodha, tunaondoka na kuku wamefungwa miguu nyuma ya gari. Hatujawahi kuamka Bungoma tukaulizana, leo twende wapi? Kitale ndiyo kabisa, kwetu ilikuwa mahali pa kununua mbegu. Basi tukakubaliana kwamba safari hii haina shughuli ya mtu, na kwamba tutalala hotelini. Hapo kwenye hoteli palikuwa na kesi, nitafika.

Tulikwenda Januari, baada ya mavuno, barabara za vumbi zikiwa kavu. Ukienda katikati ya mwaka beba gumboti. Beba sweta mwezi wowote, kwa kuwa Kitale iko juu, kama mita 1,900, na asubuhi yake si ya mtu aliyezoea Mombasa. Tulipanga chumba hapo mjini na hatukukihama hadi siku ya kuteremka Bungoma. Kwingine kote tulikwenda na kurudi.

Siku ya kwanza tulianzia Makumbusho ya Kitale. Mwanajeshi mmoja mlowezi, Luteni Kanali Stoneham, alianza kukusanya wadudu, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alipokufa mkusanyiko ukabaki kwa taifa, na mwaka 1974 yakafunguliwa haya yaliyopo, ya kwanza ya taifa kuwekwa bara, mbali na Nairobi na Pwani. Ndani utaona vipepeo waliochomwa pini kwa mpangilio wa kijeshi hasa. Nje kuna nyumba za kienyeji za jamii mbalimbali, na kaka yako alisimama mbele ya ile ya Kibukusu akaanza kumkosoa fundi wa paa. Ila uzuri wenyewe uko nyuma, kwenye njia inayoingia msituni. Miti ya asili, kivuli, kijito, na kelele za mji zinakatika ghafla. Tulikaa huko hadi njaa ikatutoa.

Saiwa ndiyo ningeirudia kesho. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, haifiki kilomita 3 za mraba, nayo pia ilianzishwa 1974. Iko mwendo mfupi kutoka Kitale, unapinda kuelekea Kipsaina. Imewekwa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka ili asizame kwenye tope na matete, na akitishwa anaingia majini akaacha pua tu juu. Gari haliingii. Unatembea kwa miguu, unapita vijia vya mbao juu ya maji, unapanda ulingo mtini, unakaa kimya. Mulamwa, kaka yako kukaa kimya! Nilikuwa nimeolewa miaka ishirini bila kujua kwamba anaweza. Tulifika alfajiri, ukungu bado umelala juu ya matete, na tulisubiri sana. Wakaja kwanza kima wa De Brazza, wale wenye ndevu nyeupe kama wazee wa kanisa, halafu jike la nzohe likatokea polepole, likala, likatugeuzia mgongo. Basi. Mtu anayetaka simba aende Mara. Lakini kaka yako alinishika mkono pale juu, na huyo si mtu wa kushika mkono hadharani. Malipo ni ya eCitizen, usiende na noti ukidhani utaelewana na askari getini.

Kapenguria ni chini ya saa moja kutoka Kitale. Nilidhani hapafai kwa wapendanao, gereza tena! Lakini mambo ya 1952 ni ugonjwa wa kaka yako, nikamwachia siku yake. Vyumba vya mahabusu vya Kenyatta na wenzake watano, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko, vimehifadhiwa, na tangu 1993 ni makumbusho. Serikali ya kikoloni iliichagua Kapenguria iwe mahali pa kesi yao kwa sababu ilikuwa mbali na watu na magazeti. Mbali kiasi kwamba hoteli haikuwepo, na mawakili wa utetezi, akiwamo yule Mwingereza D. N. Pritt, walilazimika kulala Kitale na kusafiri kwenda mahakamani. Hukumu ikatoka Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Kaka yako aliingia katika kila chumba, akapima kwa hatua. Mimi nilisoma nilichotaka, nikatoka nje nikanywa chai. Tulipokutana tena getini kila mmoja alikuwa ameridhika. Zingatia hilo mtakapofika Florence, maana mkeo hatataka kuangalia kila picha nawe hutataka kuangalia kila duka la ngozi.

Mlima Elgon tuliutazama kwa mbali. Ningependa pango la Kitum, lile ambalo tembo huingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao, lakini huko kunataka gari la kupanda milima na mtu mwenye magoti mazima. Hatukuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Sasa ile kesi ya hoteli. Kuteremka Bungoma tulipita Kiminini, tukaiacha njia ya Webuye pale Kamukuywa, tukashika Kimilili, hadi Chwele. Pale Kimilili kaka yako alinionyesha upande wa Maeni, kwao Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, akanieleza habari zake hadi tukafika Chwele. Soko la Chwele unalijua: vitunguu, ndizi, viazi vitamu, ng'ombe, nguo za mitumba, wote wakipiga kelele. Nimepita hapo miaka yote hii nikiwa na haraka. Mara hii nilizunguka bila kununua kitu na kila muuzaji aliniona mtu wa ajabu.

Kutoka hapo tukaenda kwa mama. Kupita Chwele bila kumwona ingekuwa matusi. Akachinja, bila shaka. Ugali wa wimbi, mboga ya likhubi, kuku wa kienyeji. Firigisi ikawekwa mbele ya mwanawe kama desturi ilivyo. Kaka yako akaichukua kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu. Mama akatazama. Shangazi akatazama. Mimi nikatazama firigisi. Nikaila, ningefanyaje? Ilikuwa tamu. Kisha, huku watu hawajapata pumzi, akawaambia tunalala hotelini mjini Bungoma. Mama akauliza nani amekufa. Akaambiwa hakuna. Akauliza basi kitanda chake kina kunguni? Kaka yako akamweleza kwamba ni kumbukumbu ya ndoa. Mama alifikiri kwa muda, akasema baba yenu hakuwahi kumpeleka hata Malaba, kisha akatufungia maziwa ya kunywa njiani. Nadhani tulisamehewa. Wewe ukienda, anzia kwake, umwambie kabla ya chakula.

Hoteli ya Bungoma sitaisifu, maji ya moto yalikuwa ya ahadi tu. Mji wenyewe jioni ni wa kutembea: mahindi ya kuchoma, wanafunzi wa chuo, boda wanaokuita kwa jina la ukoo wa mume wako bila kujua kwamba wamepatia. Kesho yake tulikwenda Webuye, karibu tu. Maporomoko ya Nabuyole, waliyoyaita Broderick enzi za Mzungu, yalikuwa na maji licha ya kiangazi, na hapakuwa na mtu isipokuwa vijana waliokuwa wakifua. Ile harufu ya kiwanda cha karatasi tuliyokuwa tukiziba pua kila tukipita sikuisikia. Halafu tukapanda Chetambe. Mwambie mkeo kwamba pale juu ndipo Wabukusu walipojichimbia handaki mwaka 1895 kupambana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley, na kwamba mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki. Kaka yako alipita chini ya kilima hicho tangu akiwa mtoto. Hakuwahi kukipanda.

Sasa Italia yako. Sikuzuii, ila punguza miji. Chukua vitanda viwili kama sisi. Lala Roma, ukitaka Florence ni saa moja na nusu kwa treni, unakwenda na kurudi. Kisha lala Venice, kwa sababu tangu 2024 mgeni wa kutwa hutozwa ada ya kuingia mjini siku fulani za msimu, lakini anayelala mjini hatozwi hiyo. Milan na Naples ziache. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na Uffizi ya Florence hufungwa Jumatatu, kwa hiyo usipange kwa kubahatisha. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa kichwa na wakikunyima hairudi. Bima ya safari nayo ni lazima, iwe ya euro 30,000 kwenda juu.

Piga hesabu hiyo yote, halafu mwambie mkeo anipigie Jumapili baada ya kanisa, yeye mwenyewe, wewe usiwe karibu na simu. Nataka kumsikia kama ni yeye aliyechagua Naples au ni wewe na mpira wako.

Shemeji yako,
Nakuru