Nimelipa hela, kisha nikatembea kwa miguu!

Mpenzi msomaji, kuna maswali mtu akikuuliza unabaki unachekacheka tu kwa kukosa jibu. Swali la mama yangu lilikuwa la aina hiyo. Nilimpigia simu Lushoto kumwambia kwamba nimefika Italia salama na kesho yake naanza likizo ya kutembea kwa miguu kando ya bahari, siku sita, na kiongozi wa kutuonyesha njia. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Ngoja kwanza, mwanangu. Umelipa hela ili utembee kwa miguu?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Akaguna. Mama yangu amepanda na kushuka milima ya Usambara tangu utoto, kabichi kichwani, kuwahi soko la Soni. Hakuna aliyemlipa, na leo magoti yake hayakunjiki vizuri. Basi wewe mweleze mtu kama huyo kwamba kuna watu duniani wanatoa pesa nzuri wapandishwe kilima!

Sababu ya safari ni shoga yangu aliyeolewa Genoa, kaskazini-magharibi mwa Italia. Miaka mingi alikuwa akiniambia, "Njoo nikupeleke Cinque Terre kabla hatujawa wazee." Maana ya jina hilo ni Nchi Tano, ingawa kwa kweli ni vijiji vitano vilivyong'ang'ania majabali juu ya Bahari ya Mediterania: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Oktoba 2024 nikakata shauri, nikafukuzia viza, nikaenda.

Kutoka Genoa ni treni, kama saa moja na nusu hivi. Reli inapita kwenye mahandaki ndani ya mlima. Giza, giza, halafu ghafla bahari ya buluu inakuchapa usoni, kisha giza tena. Abiria wote wageni tulikuwa tunapiga kelele kama watoto. Reli hiyo ilianza kupita huko miaka ya 1870, na kabla ya hapo mwenyeji wa vijiji hivi alikuwa na njia mbili tu, mashua au miguu.

Tulikuwa watu tisa. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Vernazza, mwembamba kama fimbo lakini ana pumzi za farasi. Mizigo mikubwa ilichukuliwa na gari, sisi tukabaki na vibegi vya mgongoni vyenye maji na koti la mvua. Mkubwa wa kundi letu alikuwa babu mmoja wa miaka 74, nami moyoni nikajisemea, huyu nitamwacha mbali. Subiri uone.

Siku ya kwanza ya mwendo ni Monterosso kwenda Vernazza. Kwenye ramani ni kilomita tatu na nusu tu. Nikacheka. Kumbe kilomita za huko zimesimama wima! Ngazi za mawe zinapanda kati ya mizabibu na michungwa, nyembamba kiasi kwamba mkikutana na watu mmoja wenu lazima ajibanze ukutani. Tulitumia saa mbili, na yule babu wa miaka 74 alinisubiri mara tatu, ananipungia kofia. Aibu niliyoipata acha tu.

Lakini bwana, ukifika pale juu ya Vernazza, ukaiona chini yako, hasira zote zinakwisha. Kibandari kidogo kama bakuli, kanisa limejenga miguu majini, mnara wa mviringo wa ngome ya zamani, nyumba za rangi ya waridi na manjano zimebanana kama abiria wa daladala. Nilikaa juu ya jiwe nikanyamaza, jambo ambalo shoga yangu anasema hajawahi kuliona.

Chakula ndiyo usiseme. Monterosso wana dagaa wao wa chumvi, wanawaloweka kwa limau na mafuta ya zeituni. Kuna mkate bapa wa mafuta unaoliwa ungali moto, na kuna tambi za mchuzi wa kijani unaotwangwa kwa majani ya mrihani, kitunguu saumu, kokwa za msonobari na jibini. Mrihani huu huu ambao kwetu mwambao mabibi wanaupanda uani kwa harufu yake, wenzetu wanautwanga wanakula. Nilirudia sahani mbili.

Siku ya pili viatu vyangu vipya vikanigeuka. Malengelenge! Nikiwa na akili zangu za Kariakoo, nikafungua begi nikatoa kandambili. Kiongozi aliponiona akapiga kelele utadhani nimetoa nyoka. Ati njia hizi kandambili ni marufuku, na mwaka 2019 hifadhi ile ilitangaza faini kuanzia euro 50 hadi 2,500. Wamechoka kuwatuma waokoaji kubeba watalii walioteleza. Shoga yangu akanifunga plasta, nikavaa soksi mbili, nikatembea nikichechemea hadi Corniglia, kijiji pekee kati ya vitano kisichokaa ufukweni. Kipo juu ya jabali, kama mita 100. Ukija kwa treni unapandishwa ngazi 382 kutoka stesheni. Ndiyo, 382, mtu mwingine amezihesabu, mimi nimesadiki tu.

Usiku wa siku hiyo tulirudi kulala Vernazza. Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo palipotokea kasheshe langu.

Asubuhi ya siku ya tatu kiongozi alituambia hakuna kutembea. Tahadhari ya mvua kubwa imetolewa, njia zimefungwa. Nikatazama nje. Mawingu yapo, ndiyo, lakini hata tone halijadondoka. Nikaanza kulalamika: mimi nimetoka mbali, nimelipia siku sita, mvua gani hii ya kuogopa, kwetu milimani mvua ya masika tunatembea nayo sokoni. Nilisema mengi. Nikauliza hata kama siku hiyo nitarudishiwa hela yangu.

Yule mama hakunijibu kwa hasira. Alinishika mkono akanitoa nje hadi kwenye barabara kuu ya kijiji, ile inayoshuka kwenda bandarini. Akaniambia chini ya miguu yetu kuna mto, umefunikwa, barabara imejengwa juu yake. Halafu akanyoosha mkono juu ya mlango wa duka, juu kabisa, mahali ambapo nisingefika hata nikipanda kiti. "Tope lilifika huko," akasema.

Ilikuwa tarehe 25 Oktoba 2011. Katika bonde la jirani zaidi ya milimita 500 za mvua zilinyesha siku hiyo moja. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ambaye anapata milimita kama elfu moja na kidogo kwa mwaka mzima, hiyo ni nusu ya mwaka kumwagwa kwa siku moja. Milima ikaachia. Mawe, magari, miti, vyote vikashuka kwenye hiyo barabara niliyokuwa nimesimama nikidai hela. Vernazza ilipoteza watu watatu. Monterosso nako kulipigwa. Barabara na reli zikakatika, wakazi wakaondolewa kwa mashua. Yeye mwenyewe alirudi baadaye na koleo, wakachimba miezi na miezi kuzitafuta nyumba zao ndani ya tope.

Nikanywea. Saa sita mchana mvua ikafika, na mimi nikiwa dirishani niliisikiliza bila kutia neno.

Jioni tukiwa tumekaa ndani ndipo akatueleza mambo ya kuta, nami nikasikiliza kwa masikio yangu yote. Ule mlima wote unaouona kwenye picha, anasema, si mlima wa asili. Kwa karibu miaka elfu moja watu wameukata matuta, wakajenga kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Mawe makubwa chini na mbele, madogo nyuma. Kutokuwa na saruji ndiyo siri yenyewe, kwa sababu maji ya mvua yanapenya katikati ya mawe yanatoka polepole, ukuta haupasuki. Wanaume walipanga mawe, wanawake walibeba. Mawe, zabibu, kuni, vyote vilipita kichwani mwa wanawake. Hizo njia tunazozilipia, na zile ngazi zilizonitoa roho, zilikuwa njia za wao kwenda shamba.

Halafu vijana wakashuka kutafuta kazi La Spezia na Genoa. Shamba likaachwa, ukuta ukabomoka jiwe moja, mvua ikaingia, likafuata la pili. Sehemu kubwa ya matuta ya zamani sasa ni pori, na matuta ya namna hiyo ndiyo yanayoachia kirahisi mvua ikizidi. UNESCO iliiweka Cinque Terre kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 1999 ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2018 hata ufundi wenyewe wa kupanga mawe bila saruji ukaorodheshwa, kwa nchi nane za Ulaya zikiwemo Italia, Ugiriki na Uhispania. "Lakini orodha haipangi mawe," yule mama akasema. "Anayepanga ni mtu."

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa malengelenge. Nyumbani Lushoto tuna shamba la matuta la mama. Tangu magoti yake yakatae, hakuna anayelishughulikia. Mimi niko Dar, kaka zangu mmoja Arusha mmoja Tanga. Masika ya mwaka uliopita kingo mbili zilikatika, udongo ukaingia kwa jirani. Mama aliponieleza nilimjibu nini? "Mama, achana nalo hilo, siku hizi kabichi zinanunuliwa." Nilimjibu hivyo kwa simu, niko kwenye foleni ya magari, wala sikumuuliza jirani alisemaje.

Siku ya nne njia zilifunguliwa. Kutoka Corniglia njia ya chini kwenda Manarola ilikuwa imefungwa kwa maporomoko, basi tukapita ya juu, kupitia kijiji kidogo cha Volastra, katikati ya mizabibu. Hapo ndipo pazuri kuliko pote nilipopita, na watu ni wachache. Kuna vireli vidogo vya chuma kimoja vinavyopanda mlima, siku hizi mavuno yanabebwa na kijigari cha injini. Zabibu nyingine zinaanikwa kivulini wiki nyingi, wanazikamua kutoa divai tamu iitwayo Sciacchetrà. Wenzangu walionja wakafumba macho. Mimi si mnywaji, nikaomba maji.

Njiani tulimkuta mzee anatengeneza ukuta. Kiongozi alisalimiana naye, na mzee akanipa jiwe niweke. Nikaliweka kwa madaha mbele ya kamera ya shoga yangu. Mzee akalitazama, akalitoa, akaligeuza, akalitikisa kidogo, akaliweka upya. Likakaa. Wote wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikamuuliza, kwa kutafsiriwa, ukuta huu ni wako? Akasema hapana, ni wa jirani, amehamia mjini. Ila ukianguka utaangukia kwake.

Siku ya tano tulipumzika na kuogelea, na ya sita tukamalizia Via dell'Amore, yaani Njia ya Mapenzi, iliyochongwa kwenye jabali kati ya Riomaggiore na Manarola. Haifiki hata kilomita moja, na ni tambarare, mtu wa visigino angeimudu. Ilifungwa Septemba 2012 baada ya mawe kuanguka na kujeruhi watalii wanne, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Miaka kumi na miwili ya matengenezo kwa njia ya dakika 20! Zamani ningesema wanachelewesha. Safari hii nilitoa tiketi yangu nikapita kimya.

Kwa wewe unayetamani kwenda: nenda Aprili hadi Juni, au Septemba, Julai na Agosti ni joto na msongamano. Oktoba ni nzuri, ila uwe tayari kupoteza siku kwa mvua. Viatu vivae nyumbani mwezi mzima kabla ya safari. Njia za chini za pwani zina ada, na ukichoka treni inakupeleka kijiji cha pili kwa dakika chache. Na kiongozi akisema leo hakuna kutembea, usifanye kama mimi.

Niliporudi Genoa nilimpigia mama. Akaniuliza, "Na mzigo wako alibeba nani?" Nikamwambia gari. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hujatembea wewe. Umetembezwa."

Nikamwambia mama, hela ya viatu vya mkoba niliyotaka kuichezea Genoa nimeituma kwa mtoto wa kaka, atafute vijana wawili wainue zile kingo kabla ya masika, wapande na matete. Mama hakusema asante. Aliuliza tu kama nimemwambia kijana aanze na tuta la juu, maana ukianza la chini mvua ikija inabomoa yote.

Sikuwa nimemwambia. Nilikata simu nikampigia.