Mfa maji mpe cha kushika

Sisi watu wa Molo hatujulikani kwa mambo ya mashua. Tunajulikana kwa baridi, viazi, pareto na kondoo. Kwa hivyo ninapowaambia rafiki zangu kwamba naogopa maji kuliko moto, wao hunicheka. Huwaomba waketi niwasimulie.

Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa likizo ya Agosti na mvua ilikuwa imejaza bwawa la shamba moja jirani na kwetu. Mama alikuwa ametutuma maji, mimi na kaka yangu aliyekuwa kidato cha pili, na rafiki yake akatusindikiza. Rafiki huyo aliteleza kwenye tope la ukingoni akaingia penye kina. Hakupiga kelele hata kidogo. Aliibuka mara mbili, mdomo wazi, akazama tena. Kaka yangu, aliyejua kuogelea kidogo tu, alivua shati akajitupa. Alimfikia. Kisha nikaona mikono miwili ikimkaba kaka shingoni, na wote wawili wakaenda chini. Watu wazima walipofika, kazi iliyosalia ilikuwa ya kutafuta miili.

Jambo lililomwumiza mama mpaka uzeeni ni hili: pale ukingoni, karibu na miguu yangu, palikuwa na mitungi mitatu mitupu ya plastiki, kila mmoja wa lita 20. Mtungi mmoja tu, ukifungwa kifuniko barabara, ungetosha kumweka mtu juu ya maji.

Mto Molo hauishii kwetu. Hutoka milima ya Mau ukateremka hadi Ziwa Baringo, na huko ndiko nilikokwenda miaka mingi baadaye. Pale Kampi ya Samaki tulipanda mashua ya injini kwenda kisiwa cha Kokwa. Nahodha, mzee wa maneno machache, alikataa kuondoka mpaka kila abiria afunge kamba za jaketi lake la kuokolea. Bwana mmoja alikuwa amelikalia lake kama mto wa kiti.

"Livae, ndugu yangu," mzee alimwambia. "Mashua ikipinduka hutapata nafasi ya kulitafuta."

Tulipokuwa tukirejea alasiri, upepo ulivuma na mawimbi yakainuka. Mbele yetu tuliona mtumbwi umepinduka na vijana wawili wameung'ang'ania. Kijana mmoja katika mashua yetu alisimama, akaanza kuvua viatu.

"Keti, kijana! Ukisimama utatupindua sote!" nahodha alifoka.

Alisogea polepole, akazima injini ili panga lake lisiwakate wale wenzetu, akawatupia mtungi mtupu uliofungwa kamba. Aliwavuta mmoja mmoja, akawapandisha kwa upande wa mbele wa mashua, nasi tukatulia tusiegemee upande mmoja.

Tulipofika nchi kavu nilimwuliza kwa nini alimzuia yule kijana. Akaniambia, "Mama, mfa maji haachi kutapatapa. Akikosa cha kushika, atakushika wewe."

Methali hiyo niliifundishwa shuleni, na kila siku huisikia ikitumiwa kuwakejeli wanasiasa walioshindwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni maagizo ya kuokoa maisha. Niligeuka nikalia.

Tumezoea kuomboleza baada ya maafa. Aprili 29, 1994, watu 272 walikufa feri ilipopinduka Mtongwe, Mombasa. Septemba 20, 2018, zaidi ya watu 200 waliangamia MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Lakini kuna jambo la kuigwa pia. Novemba 6, 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika, wakiwa ndani ya mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Wavuvi wale walikwenda na vyombo vinavyoelea.

Basi wazazi wenzangu, mnapowapeleka watoto Naivasha au Baringo, wavalisheni jaketi kabla ya kupanda mashua, na mkiona imejaa, shukeni. Mashua ikipinduka, wang'ang'anie ubavuni mwake. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Wakimwona mwenzao anazama, waite watu, wamnyoshee fimbo, au wamtupie kamba au mtungi. Akitolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni, mkandamize kifua, na mwendelee hivyo mkimtafutia daktari.

Hata wasiosafiri wana mabwawa, mashimo ya machimbo na mito iliyofurika. Watoto wangu huenda kuteka maji wakiwa na mtungi mmoja wa ziada, umefungwa kamba ndefu. Majirani huuliza ni wa nini. Nami huwaeleza kwamba kaka yangu hakukosa ujasiri. Alikosa mtu wa kumrushia mtungi, na mtu huyo nilikuwa mimi.